Wanaongoja Pumzi ya Bibi Lettice

"Hivi, Lettice, siku hizi chai yako anaionja nani kwanza?"

Aliyeuliza ni Bibi Ursula Dabbs, jirani wa ng'ambo ya kijito, akiwa amejikalia kwenye kiti cha marehemu mume wa Bibi Lettice, macho yake kwenye kikombe cha mwenzake. Aliuliza kwa sauti ile ile ambayo mtu huulizia bei ya kitambaa. Kezia alikuwa amesimama nyuma yao na birika mkononi. Kwa Bibi Ursula, mtumwa aliyeshika birika na meza iliyobeba birika ni kitu kimoja, na meza haina masikio.

"Kwa nini aionje mtu?" akauliza Bibi Lettice.

"Mwenzangu, fikiri mwenyewe. Mumeo amewaachia hawa uhuru wao siku utakayokufa. Si siku nyingine yoyote. Siku utakayokufa wewe. Mimi ningekuwa na umati wote huu unangoja nikate roho, hata maji ya mvua nisingeyanywa!" Akacheka sana, akajiongezea kipande cha keki.

Bibi Lettice hakucheka. Alikitua kikombe taratibu kwenye kisahani chake, akakisogeza mbali kwa kidole kimoja, kama mtu anayesogeza mdudu asiyejua kama anauma. Hakukigusa tena siku ile, wala kesho yake.

Bwana Ambrose Cullifer alikuwa na mwaka mzima kaburini. Alikuwa mtu mkubwa katika Virginia. Katika vita vya kumwondoa mfalme wa Uingereza alikaa na wakubwa wenzake kutunga sheria za nchi mpya, na tangu hapo kalamu yake haikupumzika mpaka mkono ulipopooza. Aliandika magazetini, aliwaandikia magavana, aliwaandikia rafiki zake wa Ufaransa, na karibu kila alichoandika kilizunguka neno moja: uhuru. Ilikuwa desturi yake kuisoma barua kwa sauti kabla ya kuipiga lakiri. Alitembea kutoka dirishani hadi mlangoni, akarudi, na ubao mmoja karibu na meko ulilia kila alipoukanyaga. Kezia alikuwa akiingia na makaa na kutoka na majivu. Hakujua kusoma hata herufi moja, lakini maneno ya Bwana yalikuwa yamemwingia kama moshi unavyoingia nguoni. Ukiifua, bado inanuka.

Alipokufa, watu wote waliitwa mbele ya nyumba, wa jikoni, wa zizini na wa mashamba ya tumbaku, wakasomewa wosia. Watu wa Bwana Ambrose ambao majina yao yameandikwa humu wawe huru siku ile mke wake mpendwa Lettice atakapofariki, ili katika uzee wake asikose mikono ya kumtumikia. Watu walilia kwa furaha. Mzee Absalom, mwendesha gari la farasi, alipiga magoti kwenye matope na suruali yake ya Jumapili. Hakuna aliyeona kilichofanyika siku ile. Bwana Ambrose alidhani amegawa upendo sawasawa, huku mke, huku watu wake. Kumbe alikuwa amechukua uhuru wa watu akaufunga kwenye pumzi za mwanamke mmoja, kisha akaenda zake.

Kezia alianza kuliona kwa sababu ya binti yake.

Delphy ndiye mtoto pekee aliyembakia. Ezra, baba yake Delphy, alikufa kwa homa zamani, na wengine walizikwa wadogo. Sasa Delphy alikuwa mjamzito, na mumewe alikuwa mtu wa shamba jingine, akija Jumamosi jioni kwa ruhusa. Bwana Randal, mtoto wa ndugu mdogo wa marehemu Bwana Ambrose, alikuwa amekuja kutoka Richmond kukusanya maandishi na barua za baba yake mkubwa ili zichapwe kitabu. Siku moja alimwona Delphy akipita uani na ndoo, akamtazama tumbo, kisha akamgeukia Kezia akasema kwa upole kabisa, kwa maana hakuwa mtu wa makelele:

"Kezia, usije ukajidanganya. Wosia una majina. Aliyemo yumo. Mtoto akizaliwa Bibi yungali hai, hayumo. Huyo atakuwa wa shamba, na shamba baadaye ni langu."

"Na akizaliwa Bibi akiwa..." Kezia akalimeza neno.

"Hapo mama yake atakuwa huru, na mtoto humfuata mama. Ndivyo sheria ilivyo. Si mimi niliyeitunga."

Kezia aliwajua walioitunga. Alikuwa akiwapelekea makaa.

Mkunga alisema mtoto atakuja karibu na Krismasi. Wakati huo ilikuwa mwanzo wa Novemba, ukungu unapanda kutoka mtoni asubuhi na kukaa mpaka adhuhuri. Tangu siku hiyo sala ya Kezia ikaharibika. Kila jioni alipiga magoti kando ya kitanda chake chumbani juu ya jiko, akasema, "Mungu wangu, mpe Bibi afya." Mdomo ulisema hivyo. Lakini chini ya maneno kulikuwa na kitu kingine kinachotafuna, kama panya chini ya sakafu, na Kezia alikisikia vizuri. Alijaribu kuomba kwa sauti ya juu. Panya naye akatafuna kwa sauti ya juu. Mwanamke aliyezoea kusali tangu utotoni anajua kwamba Mungu hasikilizi mdomo.

Baada ya swali la jirani, Bibi Lettice alikataa mkate. Akakataa supu. Akakataa nyama ya nguruwe aliyoipenda, ile ya kukaushwa kwa moshi. "Nichemshie mayai," akasema. "Uniletee na maganda yake." Alimenya mwenyewe, akigeuza kila yai mbele ya mshumaa kutafuta ufa. Maji aliyafuata kisimani mwenyewe, na fimbo yake, kijana wa zizini akimfuata nyuma asianguke, naye akimfukuza kama anafukuza bata.

Jikoni walilizungumza hilo kwa namna yao.

"Leo Bibi kakohoa?" Mzee Absalom akauliza, akiipasha miguu yake joto motoni.

"Mzee, nyamaza," akasema Kezia.

"Kumjulia hali mgonjwa kumekuwa dhambi? Hata mchungaji anatuhimiza."

"Huulizii hali. Unaulizia safari."

"Basi nimeulizia safari. Nina miaka sitini na kitu, mwanangu, sijapata kusafiri isipokuwa nimemwendesha mtu." Akajikuna goti. "Na wala si sisi tuliomtilia Bibi sumu. Aliyemtilia ni yule Bibi Dabbs. Kamtilia sikioni. Hiyo haina dawa."

Delphy akacheka, halafu akashika tumbo, kicheko kikaisha. "Mama," akasema, "akifa kwa woga wake mwenyewe, dhambi itakuwa ya nani?"

Absalom akatazama moto. Kezia akachukua ufagio, akafagia mahali palipokwisha kufagiliwa.

Huko ndani, chumba cha maandishi kilikuwa kimegeuka. Bwana Randal alikuwa na mashine ya kunakili barua. Karatasi laini, nyembamba kama ngozi ya kitunguu, huloweshwa maji, ikabanwa juu ya barua ya zamani, na wino wa marehemu ukahamia humo. Kisha alizitundika kwenye kamba mbele ya meko zikauke, na maneno yalionekana kinyume, kana kwamba mtu alikuwa anaandika kutoka upande wa pili. Koti la Bwana Ambrose bado lilikuwa mgongoni mwa kiti. Mabega yake yalikuwa bado yamejaa.

"Anatembea," Bibi Lettice alimwambia Kezia asubuhi moja akivalishwa soksi. Vidole vyake vya miguu vilikuwa vya baridi kama funguo. "Mchana, jioni, anatembea chini yangu."

"Ni mbao hizo, Bibi. Baridi inazikaza."

"Mbao gani zinazofika dirishani zikageuka?"

Naye Kezia alikuwa amesikia. Alfajiri ya jana yake aliingia kuwasha moto, mikono imejaa kuni, na ule ubao wa karibu na meko ukalia. Hapakuwa na mtu juu yake. Karatasi zile kwenye kamba ziliyumba, moja baada ya nyingine, kama nguo za kufua mtu anapopita katikati yake. Kezia hakukimbia. Alizaliwa katika nyumba ile na alishazoea kwamba wafu wake hawaondoki upesi. Kilichomtisha ni kwamba hatua zilikuwa za mtu anayetunga. Alizifahamu. Zilikuwa hatua za Bwana Ambrose akiwa na sentensi aliyoianza vibaya, na sasa haoni pa kuimalizia.

Halafu kuku wakaacha kutaga. Kila mwaka katika baridi ya kwanza hunyonyoka manyoya, wakazubaa kwenye banda kama wajane, wala yai halipatikani. Kezia alijua kwamba litakuja hilo. Alikwenda bandani, akapitisha mkono kwenye nyasi, akarudi na kikapu kitupu, akapanda ngazi akamwambia Bibi.

"Hakuna hata moja?"

"Hakuna, Bibi. Kuna uji. Kuna supu ya kuku."

"Mimi sili supu."

"Basi, Bibi."

Akashuka. Na hapo ndipo alipoingia mahali ambapo hakuwahi kuwa maishani mwake. Kwa maana hakufanya neno. Hakutia kitu, hakutoa kitu. Alipika, akapeleka, chakula kikakataliwa, akakirudisha, akaosha vyombo. Mtu yeyote angemwona angesema, mtumishi mwema huyu. Lakini angeweza kukaa kitandani akambembeleza, angeweza kula kijiko cha kwanza mbele yake, na alijua hilo. Aliyaacha. Kesho yake akayaacha tena. Bibi Lettice akaanza kuonekana mifupa ya mashavu, na sauti yake ikawa nyembamba kama ile karatasi ya kunakilia.

Siku ya tatu, mchana, Kezia alipita ukumbini na shuka mikononi. Mlango wa Bibi ulikuwa umerudishwa. Akasimama. Akasikiliza. Hakusikia pumzi. Akakaza sikio, shuka zimembana kifuani, na bado hakusikia, na moyo wake ukaruka juu, ukaruka kama mtoto aliyeitwa nje kucheza. *Delphy.* Ndilo neno lililomjia. Halafu ndani, Bibi akavuta pumzi ndefu yenye kukwaruza, akajigeuza kitandani.

Na Kezia akahuzunika.

Alishuka ngazi bila kujua ameshukaje. Alikwenda kwenye kile kibanda cha kukaushia nyama, akafunga mlango, akasimama gizani katikati ya mapaja ya nguruwe yaliyoning'inia, akalia akiwa ameziba mdomo kwa shuka safi za Bibi. Si kwa ajili ya Bibi alilia. Alilia kwa sababu mwanamke mzima, mshika dini, mfiwa anayejua uchungu wa kifo, amesikia mwenzake anapumua akahuzunika. Walimchukulia jasho, walimchukulia miaka, wala hakuna siku walimwambia samahani. Lakini roho yake alikuwa ameilinda. Sasa hata hiyo imeguswa, na aliyeigusa ni mtu mwema, aliyekuwa akiandika habari za uhuru.

Alasiri ile ile mvua ikanyesha. Bwana Randal alikuja kubisha mlango wa Bibi, akamwomba ateremke kidogo. Amepata makala ya zamani sana ya baba mkubwa, ya kabla ya vita, ilitoka gazetini bila jina, na yeye hana hakika kama ni yake kweli. Mama mkubwa angeijua. Basi Kezia na Delphy wakamshika Bibi huku na huku, wakamteremsha amefungwa blanketi, wakamkalisha karibu na meko. Hakuwa na uzito. Ilikuwa kama kubeba nguo zilizokauka.

Delphy akatoka. Kezia akapiga magoti kuongeza makaa. Bwana Randal akasimama dirishani penye mwanga, akainua gazeti.

"Sikiliza, mama mkubwa. Wakati ule walikuwapo waliosema vita vya nini, tuvumilie tu, mfalme atakufa siku moja. Yeye anawajibu." Akasafisha koo, akasoma:

"'Wapo wanaotuambia tungoje. Mfalme huyu akifa, wanasema, mrithi wake atakuwa na moyo laini. Nami nawauliza, mkiisha kungoja hivyo mtakuwa watu wa namna gani? Haki iliyofungwa kwenye uhai wa mtu mmoja humfundisha mtu mwema kuombea maiti. Kila asubuhi ataulizia afya ya mfalme, na kila akiambiwa hajambo, atavunjika moyo, kisha atajichukia. Anayetungojesha namna hii hakutunyima haki peke yake. Ametuharibia na roho.'"

Akashusha gazeti, uso unang'aa. "Ni yake, au siyo? Uandishi huo hauna mwenyewe mwingine. Naiweka mbele kabisa ya kitabu!"

Koleo lilimponyoka Kezia. Kaa moja likaviringika juu ya jiwe la meko, jekundu, na hakuna aliyeliokota.

"Soma tena," akasema Bibi Lettice.

"Yote?"

"Tangu 'haki iliyofungwa.'"

Akasoma tena. Alipofika kwenye roho, ubao wa karibu na meko ukalia, mara moja, kwa nguvu, kama unavyolia chini ya mtu mzito anayesimama ghafla. Kezia alikuwa amepiga magoti upande huu wa meko, Bibi alikuwa kitini upande ule, na Bwana Randal alikuwa mbali dirishani. Randal akatazama miguu yake mwenyewe. Akalikunja gazeti, kisha akalikunja tena.

Bibi Lettice akageuza kichwa polepole akamtazama Kezia usoni. Hakuwa amemtazama usoni tangu siku ya chai.

Asubuhi Kezia hakungoja kuitwa. Alipika uji wa unga wa mahindi, akatia siagi na asali ya miwa, akapanda nao. Akavuta kigoda, akaketi kando ya kitanda bila kuambiwa keti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika nyumba ile. Akachota kijiko, akala. Akachota kingine, akala. Kisha akamwelekezea Bibi bakuli.

"Kula, Bibi."

Bibi akala. Alikula kama mtoto, haraka, uji ukimchuruzika kidevuni, na Kezia akampangusa.

"Alikuwa anasema nami jana," Bibi akasema.

"Alikuwa anasema na watu wa mfalme, Bibi."

"Na mfalme sasa ni nani?"

Kezia akakwangua bakuli. Nje bata walikuwa wanabishana kwenye matope.

"Hana raha kule alipo," akaendelea Bibi. "Nilidhani amekuja kunilinda dhidi yenu. Kumbe anakuja kwa sababu ya kitu alichokiacha." Akashika mkono wa Kezia kwa vidole vyake vya baridi. "Kezia, niambie nifanye nini."

"Mimi ni nani wa kumwambia Bibi la kufanya?"

"Nakuuliza. Niambie."

Kezia alifikiri. Alimfikiria Delphy, alifikiri jinsi neno likitoka halirudi. Akasema, "Bibi aondoe cha kungojwa. Aandike hati leo, isingoje kifo. Ikishaandikwa, hakuna mtu ndani ya nyumba hii atakayekuwa na faida ya kaburi lako. Utakula, utalala. Na mimi nitaweza kusali."

"Nikiwaachia, nani atabaki nami?"

"Atakayebaki atabaki kwa mapenzi yake na kwa mshahara."

"Na wewe?"

"Kwanza hati, Bibi."

Bibi Lettice, ajabu, akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Ungekuwa mwanamume, Ambrose angekupeleka bungeni."

Bwana Randal alipoambiwa alisimama ghafla hata wino ukamwagika. "Mama mkubwa! Kwa woga? Mjane wa Ambrose Cullifer anaogopa wapishi?"

"Siwaogopi wapishi. Namwogopa baba yako mkubwa."

"Watu watasema wosia ulikuwa na kasoro. Kitabu hiki ni heshima yake. Kikitoka sambamba na jambo kama hili..."

"Kitabu kitasema nini, Randal? Kwamba jambo hilo alilijua akiwa kijana, akalisahau uzeeni? Weka ile makala mbele kabisa, kama ulivyosema. Nimeipenda."

Randal akapangusa wino. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, "Na mtoto wa Delphy?"

"Kwani ulikuwa umeshamhesabu?"

Masikio ya Randal yakawa mekundu. Kwa kweli hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana yalikuwa mekundu. Aliketi, akachukua karatasi, akaiandika ile hati kwa mkono wake mwenyewe, majina yote, bila kuruka hata moja.

Mashahidi walikuwa mchungaji na Bibi Ursula Dabbs, aliyefika na kofia yake mpya akidhani ni karamu. Alipoelewa alipiga makofi mapajani. "Lettice, mimi nilitania! Utani wangu umekugharimu shamba zima!"

"Tia sahihi, Ursula."

"Natia, natia. Lakini usije kunililia utakapolazimika kujimiminia chai."

Hati ilipaswa kufika mahakamani siku ya kikao, ikasomwe na kuandikwa, la sivyo ilikuwa karatasi tu. Bwana Randal na mashahidi walikwenda nayo, Mzee Absalom akiendesha. Njia zilikuwa matope mpaka kwenye ekseli za magurudumu. Delphy tangu asubuhi alikuwa ameshika kiuno, anatembea huku na huku jikoni, akisema si kitu, ni mgongo tu. Kezia alimkanda mgongo, akamwambia, "Tulia, mwanangu. Usiharakishe. Mwambie asubiri kidogo." Hakusali. Aliogopa kusali, asije akakosea tena.

Jioni, kabla taa hazijawashwa, gari likarudi. Mzee Absalom hakuwapeleka farasi zizini. Alishuka mbele ya nyumba, kwenye ngazi za wakubwa, akasimama pale pale matope yamemfika magotini, na aliposikia mtu anamwita aliondoe gari, akajibu kwa sauti ambayo uani wote waliisikia: "Kidogo tu! Nasimama kwanza!"

Watu wakatoka jikoni wakikimbia. Delphy akaketi kwenye kizingiti, akafunika uso kwa aproni.

Bibi Lettice alimwita Kezia chumba cha maandishi. Alikuwa peke yake, kwenye kiti chake, blanketi magotini. Karatasi za kamba zilikuwa zimeondolewa na koti la marehemu lilikuwa limekunjwa. Nakala ya hati, yenye mhuri wa mahakama, ilikuwa juu ya meza. Bibi akaisukuma mbele.

"Yako na ya Delphy. Nilitaka uipokee kwangu."

Kezia akaipokea. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani karatasi inaweza kuwa.

"Imekwisha," akasema Bibi. "Sasa hakuna anayengoja. Sasa unaweza kuniambia, na halitanidhuru wala halitakudhuru. Wale wengine najua. Absalom najua, wala simlaumu. Lakini wewe, Kezia. Wewe uliyemfumba macho mwanangu wa pekee alipokufa. Wewe uliyelala sakafuni kando yangu wiki nzima Ambrose alipokufa. Niambie wewe hukuwa miongoni mwao. Niambie hukuomba nife."

Mvua ilikuwa imekatika, na uani watu walikuwa wameanza kuimba wimbo wa kanisani, Absalom akiongoza huku akikosea sauti kama kawaida yake.

Kezia alisimama. Angeweza kusema hapana, neno jepesi lisilomgharimu chochote, na yule mwanamke angelala usingizi usiku ule kwa mara ya kwanza tangu siku ya chai. Na maisha yake yote ndani ya nyumba ile alikuwa amewapa maneno ya namna hiyo, asubuhi na jioni, kama anavyowapa maji ya kunawa. Lakini sasa kulikuwa na Msikilizaji mwingine chumbani, na mbele Yake mdomo wa Kezia ulikuwa umedanganya kwa majuma mengi. Hakutaka kumwongezea uongo hata mmoja.

Akamtazama Bibi machoni, kwa huruma, muda mrefu kuliko mtumwa anavyoruhusiwa kumtazama mtu. Kisha akaikunja hati, akaitia kifuani, akafungua mlango, akatoka.